Wimbo Usio na Mwenyewe

Simu ya kwanza ilimkuta Fausta akisugua masufuria nyuma ya nyumba yake, Mikumi. Aliyepiga ni shangazi yake wa Kimamba, na wala hakuanza na salamu.

"Pole mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mwalimu wako. Mzee Melkizedek alikuwa mtu wa watu."

Fausta aliishika simu kwa vidole viwili, maana mkono wote ulikuwa umejaa majivu. "Amefariki lini, shangazi?"

"Lini? Nikuulize wewe! Si wewe ndiye mtoto wake wa zeze?"

Kabla hajajibu, simu ikakatika. Bado amesimama pale, maji ya masufuria yanamtiririkia miguuni, ikaingia nyingine kutoka Dumila. Huyu alikuwa mwanamke anayeuza mahindi ya kuchoma stendi, ambaye mwaka uliopita Fausta alimpigia zeze kwenye harusi ya bintiye. Alisema amesikia mzee ameanguka ghafla, presha. Baada yake akapiga katekista wa Mvumi. Yeye alisema mzee alilala tu na hakuamka, akauliza ibada imepangwa saa ngapi ili aje na wanakwaya wake.

Fausta alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akapiga namba ya mzee. Haipatikani. Akapiga tena. Mzee na mkewe, Mama Hildegarda, walikuwa na simu moja nyumba nzima, na haikuwa na kawaida ya kuzimwa, maana mama yule aliiweka ndani ya blauzi mchana na chini ya mto usiku akingoja kupigiwa na watoto wake wa Dodoma. Kwa hiyo simu kuzimwa ilikuwa habari tosha. Fausta alilia pale pale kwenye ndoo, mikono yake ya majivu ikimchafua uso.

Kilichomuuma zaidi ni albamu. Alikuwa ameimaliza.

Mzee Melkizedek ndiye aliyemtia zeze mkononi akiwa msichana wa darasa la saba pale Kilosa. Baba wa mzee huyo alikuja zamani kutoka bara huko kukata mkonge, na mzee mwenyewe alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli mpaka mgongo ulipomkataa. Alikuwa mkali. Ukikosea uzi hakukufokea, alikunyang'anya zeze akaenda kulisha bata wake, na wewe ukabaki kwenye kigoda hujui kama somo limeisha au unapaswa kungoja. Fausta alingoja sana kwenye kigoda kile. Baadaye aliolewa Mikumi, akaanza kupiga zeze jioni kwenye hoteli za watalii waliokuja kuona wanyama, na kwenye harusi, na kila alipoulizwa amejifunzia wapi alitaja jina moja tu.

Nyimbo za mzee hazikuwahi kurekodiwa. Basi Fausta akaamua kuzirudia zote anazozijua, tisa, kwa sauti yake na zeze lake, ziwe albamu, na siku ya uzinduzi ampelekee kama zawadi. Hakumwambia. Alitaka amshtukize. Alirekodi kwa kijana mmoja anayeitwa Boniface, mwenye studio kwenye chumba nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, ambako walilazimika kusimama kila mteja alipojaribu injini. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi inayofuata. Na sasa mzee amekufa bila kusikia hata wimbo mmoja.

Boniface alipopigiwa simu alisema, "Dada, jiandae. Naja na gari la baba."

Walipita njia ya kijiji cha Ulaya. Fausta alikuwa amevaa khanga mbili na kubeba zeze lake mapajani kama mtoto mgonjwa, hajui kwa nini amelibeba. Pale Ulaya walisimama kununua maji, na mwenye duka alipoliona zeze akasema, "Mnakwenda kwa yule mzee? Poleni. Nasikia amegongwa na treni ile mpya."

"Treni!" Fausta akamgeukia Boniface. "Reli yake imezungushiwa uzio. Mzee ameingiaje huko?"

"Labda siyo treni," Boniface alisema.

"Basi ni nini? Mara presha, mara usingizini, mara treni. Mtu hufa vifo vingapi?"

Boniface aliwasha gari. Aliendesha amekaza macho barabarani, na kadiri walivyokaribia Kilosa ndivyo alivyozidi kuwa mnyonge. Fausta alidhani ni huzuni. Mjini, kwenye kona ya soko, waliuliza vijana wa bodaboda kama msiba uko pale pale nyumbani au umehamishiwa kanisani. Mmoja wao akasema kwa heshima, "Pale pale nyumbani, mama. Sisi tumejua kupitia redio. Wametangaza jana na juzi: albamu ya kumuenzi Mzee Melkizedek."

Fausta aliganda. Boniface aliweka paji la uso juu ya usukani.

"Boniface," Fausta alisema taratibu. "Tangazo la redio uliandika nini?"

"Niliandika hivyo hivyo, dada. Albamu ya kumuenzi. Nilitaka neno lenye heshima."

"Kumuenzi ni kwa marehemu!"

"Mbona watu husema tumuenzi mwalimu, tumuenzi kiongozi..."

"Wakishakufa, Boniface! Wakishakufa!"

Lakini hata hapo Fausta hakujua ashike lipi. Huenda habari yote ilizaliwa na neno lile moja. Huenda pia mzee alikufa kweli, na neno likawa limekutana na kifo njiani. Simu ilikuwa bado haipatikani. Alifuta machozi, kisha akaona hajui anayafuta kwa nini, kisha yakaja mengine.

Nyumbani kwa mzee walikuta turubai limeshafungwa upande mmoja. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, sufuria kubwa la wali liko jikoni, wanaume wamepanga mabenchi. Katikati ya hayo yote alikuwa Mzee Melkizedek mwenyewe, ameshika fimbo, anawafukuza bata wake wasichafue mikeka ya watu waliokuja kumlilia.

Fausta alishuka garini. Akapiga goti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia khanga mpaka zeze. "Na wewe umekuja kunizika? Umechelewa. Wenzako wako hapa tangu asubuhi."

Mama Hildegarda alitoka jikoni, mwiko mkononi, akamkumbatia Fausta akicheka na kulia pamoja. Alieleza kwamba simu ililia pole tangu jana yake, na mzee kila alipopokea na kusema ni mimi mwenyewe, aliyepiga alipiga kelele au alikata. Mmoja alianza kukemea pepo. Mwishowe mzee aliitumbukiza simu kwenye beseni la bata. Watu nao walipofika hawakukubali kuondoka. Wametoka mbali, wamekuja na mchele na kuku, wengine hawajaonana miaka. Wakasema kwa kuwa mzee yuko, basi wamshukuru Mungu, na wali uendelee kuiva.

Boniface alikwenda kupiga magoti na kuomba radhi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, Kiswahili umejifunza wapi?"

"Shuleni, mzee."

"Mh. Haya. Unazo hizo nyimbo zenyewe? Maana kama nimekufa, nataka nijue nimeimbwaje."

Ndivyo albamu ile ilivyosikilizwa kwa mara ya kwanza chini ya turubai la msiba usiokuwa na maiti. Boniface alileta spika kutoka kwenye gari. Fausta alikaa mkekani karibu na kiti cha mzee, mwenye woga kuliko siku yoyote ya jukwaani. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa punda aliyegoma darajani, na watu walicheka palepale pa kucheka. Wa pili, wa tatu. Vidole vya mkono wa kushoto wa mzee vilikuwa vikitembea juu ya goti, vikibonyeza nyuzi zisizokuwepo. Mara moja tu alinong'ona, "Hapo umeharakisha." Fausta alijua kwamba kwa mzee huyu hiyo ni sifa kubwa, maana amekosoa mahali pamoja tu na hakwenda kulisha bata.

Ukafika wimbo wa tisa. Fausta aliuweka mwisho kwa sababu aliupenda kuliko yote, na kwake huo ndio ulikuwa Melkizedek mwenyewe. Zeze lilianza peke yake, chini chini, kisha sauti ya Fausta ikaingia, ikiutaja mto wa Kilosa:

*Mkondoa umefura, daraja limeondoka,*
*mama yuko ng'ambo ile, mimi niko ng'ambo hii.*
*Nikiita, maji nayo yaita kunizidi.*

Vidole vya mzee vilisimama. Aliinua mkono. "Zima."

Boniface akazima. Bata mmoja alisikika akilia nyuma ya choo.

"Huo ni wa nani?" mzee aliuliza.

Fausta alidhani anatania. "Wako, mzee."

"Siyo wangu."

"Wako, mzee. Ni ule wa Ng'ambo. Ulinifundisha hapa hapa barazani, mwaka wa mafuriko. Mvua ilikuwa inanyesha, wewe umekaa pale mlangoni, ukaniambia nisivute upinde kwa nguvu, niache uzi ulie wenyewe."

"Hilo la upinde nakumbuka. Wimbo ulikuwa wako. Ulikuja nao."

"Mimi?"

"Wewe. Mlikuwa mnakaa kwenye mahema, nyumba yenu imechukuliwa na maji. Ukaja hapa unaosha vyombo vya mke wangu huku unaimba. Nikakuambia kaa chini, tuutafutie zeze. Kazi yangu ilikuwa zeze tu. Maneno sijui ulikoyatoa."

Fausta alijaribu kujiona akiosha vyombo. Aliliona karai, aliiona mvua, lakini yule msichana kwenye karai hakuwa anaimba. Alimwona mzee mlangoni, na midomo ya mzee ndiyo iliyokuwa ikitikisika. Aliona wazi kabisa. Kisha akaanza kujiuliza kama ameiona kweli au amejisimulia mara nyingi mno, kwa watalii, kwa maharusi, kwa Boniface, mpaka imekuwa picha.

"Mzee, pengine umesahau," alisema kwa sauti ya chini. Mara akajuta, maana si neno la kumwambia mtu mzima mbele za watu.

Mzee hakukasirika. Na hilo nalo likamchanganya. "Pengine," alisema. "Nimesahau mengi. Lakini mtu hasahau kitu kizuri alichokitengeneza. Husahau vile vibaya."

Mama Hildegarda alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake. "Wote wawili mnanishangaza," akasema. "Mimi wimbo huo niliusikia kwa mama yake Fausta. Kule kule kwenye mahema, nilipowapelekea unga. Alikuwa anachambua mchicha."

"Mama yake Fausta hakuwa na sauti," mzee alisema.

"Hakuwa na sauti ya kanisani. Ya mchicha alikuwa nayo."

Watu wakacheka. Fausta hakucheka. Mama yake alikuwa amefariki, na hakuwa mtu wa kuimba, au ndivyo Fausta alivyomjua. Usiku ule wa mafuriko mama yake alikuwa ng'ambo, kwa dada yake aliyejifungua, na Fausta alibaki upande huu na wadogo zake juu ya paa la jirani. Asubuhi walionana kwa mbali, maji katikati, mama akipunga kitenge. Alikuwa akipaza sauti lakini haikufika. Alikuwa akisema nini? Fausta hakuwahi kumuuliza, na mama hakuwahi kusema, kwa sababu walipokutana mambo ya kusema yalikuwa chakula na blanketi.

"Uendelee," mzee alimwambia Boniface. "Tusikie wote."

Wimbo ukaendelea. Ubeti wa pili ukapita. Ukaja wa tatu, ambao Fausta siku zote aliuita ubeti wa moshi:

*Washa moto ng'ambo yako, nami niwashe wangu,*
*moshi hauogopi mto, utakutana juu.*

"Huo sijawahi kuusikia," mzee alisema. "Mbona umeruka ule mwingine?"

"Upi?"

Mzee akakohoa, akaimba. Sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki kama nyasi kavu zinazosuguana, lakini ilishika mahali pake bila kutafuta:

*Ukiniona nimenyamaza, usidhani nimechoka,*
*nayaacha maji yaseme, yakichoka nitasema.*

Chini ya turubai hakuna aliyejikuna. Fausta hakuwahi, katika maisha yake yote, kusikia ubeti ule. Na ulikuwa wa wimbo ule ule, hauna shaka, ulikaa ndani yake kama jino kwenye ufizi.

"Mzee," alisema, "huo umeutoa wapi?"

"Kwako."

"Mimi siujui!"

"Basi sijui," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha wasiwasi. Alimtazama mkewe. "Hilda, huo nimeutoa wapi?"

"Mimi nina wali jikoni," mkewe akajibu, akaingia ndani.

Walikula. Watu wakaanza kuaga, wengine wakimshika mzee mkono kwa nguvu kama wanaohakikisha. Fausta alitembea peke yake mpaka ukingo wa Mkondoa. Mto ulikuwa mdogo, wanawake wanafua, maji yakifika magotini tu. Alijaribu kuuimba wimbo kuanzia mwanzo ili asikie unatoka mdomoni mwa nani. Alipoimba ubeti wa kwanza alisikia mzee. Alipofika ubeti wa moshi alisikia sauti asiyoijua, ya mtoto au ya mwanamke aliyechoka. Alirudia, na mara hii akajisikia mwenyewe tu, mwanamke anayeimba kando ya mto huku wafuaji wakimtazama. Kama wimbo ni wake, basi amempa mzee kitu ambacho si cha mzee, mbele ya watu, na kujidanganya miaka yote. Kama ni wa mzee, basi mzee anaukana wimbo wake bora kuliko yote, na huenda kichwa chake kimeanza kumtoroka. Na kama ni wa mama yake, amekuwa akiimba maneno ya mama bila kumkumbuka hata siku moja. Hakuona lipi kati ya hayo ni la kuomba liwe kweli.

Alirudi akamkuta Boniface anawasaidia kukunja mikeka. "Dada," Boniface alisema, "uzinduzi ni Jumamosi na nyimbo zinatakiwa kupandishwa mtandaoni. Huu wa tisa, mtunzi niandike nani?"

"Niachie kwanza."

"Naweza kuandika haijulikani."

Mzee alisikia kutoka kwenye kiti chake. "Haijulikani ni maiti iliyookotwa mtoni," alisema. "Wimbo hauandikwi hivyo. Na tena nimechoka na mambo ya maiti."

Jumamosi mzee alikwenda Mikumi mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Alisema ni njia pekee ya kuzima uvumi, na Mama Hildegarda alisema alinyoa ndevu mara mbili. Ukumbi ulikuwa wa kawaida, kando ya barabara kuu, na malori yalipopita yalitingisha vioo. Mshereheshaji alipotangaza kwamba Mzee Melkizedek yuko hai na yuko ndani ya ukumbi, wengine walishangilia na wengine walisimama kwenye viti kumwona vizuri. Alipewa kiti cha mbele. Alikaa wima, mikono juu ya fimbo, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Fausta aliimba nyimbo nane bila taabu. Kila mmoja aliutambulisha kwa jina la mwalimu wake, na kila mara mzee alitikisa kichwa kidogo kukubali. Kabla ya wa tisa alisimama. Alikuwa amekesha akitafuta sentensi ya kuutambulisha na bado hakuwa nayo.

"Wimbo huu," alisema, "nimefundishwa na mzee."

"Sikukufundisha!" mzee akapaza sauti kutoka kitini.

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani ni mchezo umepangwa. "Basi... basi huu ni wangu," Fausta alisema. Mara tu maneno yalipotoka alijihisi kama mtu aliyekamatwa akianua kitenge cha mwenzake kwenye kamba. Akaongeza haraka, "Au ni wa mama yangu. Naomba mnisamehe. Sijui." Kicheko kikaongezeka, kisha kikapungua, maana watu walianza kuona kwamba machozi yake hayakuwa ya mchezo.

Aliinamia zeze akaanza. Hakutaka kufikiri tena. Aliimba Mkondoa umefura, aliimba daraja limeondoka, na alipomaliza ubeti wa pili aliachia zeze liende lenyewe, akamtazama mzee. Mzee alielewa. Hakusimama. Aliimba pale alipo, bila kipaza sauti, ule ubeti wake wa maji na kunyamaza, na ukumbi ukainama mbele kumsikia. Lori likapita, vioo vikatingishika, mzee akasubiri lipite, akauimba tena tangu mwanzo. Kisha Fausta akaingia na moshi. Beti mbili ambazo kila mmoja alikuwa na wake zilifuatana bila kugongana mahali popote. Fausta, badala ya kufarijika, alizidi kushangaa. Nani aliyezikata na kuwagawia?

Asubuhi yake aliwasindikiza mzee na mkewe stendi. Mzee alikuwa na furaha, ameshika mfuko wa maembe aliopewa na mtu asiyemjua. Gari lilipokaribia kuondoka alishusha kioo.

"Ule wimbo wangu," alisema, "jana uliushika vizuri. Ila mwishoni usiuharakishe."

Fausta akashika ukingo wa dirisha. "Wimbo wako, mzee? Upi?"

"Ule wa mwisho."

"Wa Ng'ambo? Si ulisema siyo wako?"

Mzee alikunja uso, akatazama mbele, akamtazama tena. "Nimesema wangu?"

"Umesema sasa hivi!"

"Labda nilimaanisha ule ubeti." Akafikiri. "Au la."

Fausta alimtazama Mama Hildegarda, ambaye alikuwa upande wa pili. Mama yule aliinua mabega, akayashusha. Dereva akapiga honi, gari likaondoka, na mkono wa mzee ukabaki nje ya dirisha mpaka walipopinda kona ya njia ya Kilosa. Haukuwa unapunga. Vidole vilikuwa vikibonyeza.

Boniface alipiga simu mchana. Alisema hawezi kungoja zaidi. Fausta alikuwa jikoni, hajapika, ameshika kitunguu kizima. Alitaja jina moja. Akasema futa. Akataja jingine. Boniface alikuwa na subira ya mtu mwenye deni la neno moja baya. Mwishowe Fausta akamwambia aandike yote mawili, lake na la mzee, na pale panapoandikwa shukrani aweke jina la mama yake, bila kueleza ni shukrani za nini.

"Una uhakika, dada?"

"Sina. Andika."

Albamu ikatoka hivyo. Wiki chache baadaye Mama Hildegarda alipiga kwa simu mpya, wakazungumza habari za bata na za mvua zilizochelewa, na Fausta hakuvumilia, akauliza mzee ameyapokeaje majina yale mawili.

"Alikasirika, mwanangu. Kutwa nzima hakutaka kusema na mtu. Anasema umemwandikia kitu ambacho hakukitenda."

"Na sasa?"

"Jioni akaniita nimsomee tena. Akauliza kati ya hayo majina, lake limetangulia au limefuata."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia limefuata."

"Akasemaje?"

"Akanuna upya," alisema Mama Hildegarda. Nyuma yake Fausta alimsikia mzee akiuliza ni nani huyo kwenye simu, na kama ni Fausta, aambiwe aje, kuna jambo la kurekebisha kwenye ule wimbo.